Baba Yuko Carama

Jumamosi, 4 Oktoba

Sijamwambia mtu. Hata Irène, anayekaa na mimi benchi moja shuleni na kunimwagia siri zake zote, sijamwambia. Baba hayuko Oman. Baba yuko Carama, hapahapa mjini, nyuma ya nyumba ya Shangazi Zubeda, amevaa buti za mpira, anapalilia mboga za lenga-lenga.

Nimemuona leo kwa macho yangu. Yeye hakuniona.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu shuleni tunaandika Kifaransa na Kirundi, na kalamu nyekundu imeshapita katika lugha zote mbili. Kiswahili ni cha nyumbani. Hakuna aliyewahi kunipa alama kwa Kiswahili. Daftari hili nimelivalisha jalada la kitabu cha hesabu cha mwaka jana, maana humu ndani hakuna mtu wa kufungua hesabu kwa kupenda.

Nianze vizuri. Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma. Hapa Ngagara ukiona lango lenye nyota mbili juu, ni lake. Mwezi wa nne alipata visa ya kazi, miaka miwili, Oman. Akauza mashine yake ya kuchomelea, ile mafundi wanaita posti, akapata tiketi. Siku ya kuondoka tulisoma dua, uwanja ukajaa mpaka watu wakasimama barabarani, na kila mmoja alimshika mkono. Tangu hapo, kila Alhamisi jioni anatutumia vocal, sauti aliyoirekodi kwenye simu. Mama anaiweka simu juu ya meza, dada yangu Saliha anazima redio, tunasikiliza.

Alhamisi hii alisema: "Huku ni saa mbili ya usiku, joto kama tanuri, ndo natoka kazini." Nyuma ya sauti yake kulikuwa na adhana. Mama akasema, "Sikieni, na kule wanaadhini vizuri." Lakini kabla ya kuita watu kwenye swala, mwadhini alikohoa mara mbili. Mi nakijua kikohozi hicho. Ni cha Mzee Huseni, msikiti wa Carama, anakohoa palepale tangu nikiwa mdogo.

Kila Jumamosi, kazi za jamii zikiisha, Mama ananituma Carama na kopo la sambusa, Shangazi ananirudishia lenga-lenga. Siku hizi ananipokea barabarani. Leo mvua ilikuwa imekata njia ya mbele, nikapita ya nyuma. Nikauona mgongo. Mgongo wa Baba hauhitaji uso.

Nilirudi mbele polepole, nikaita hodi kwa nguvu kama mjinga, nikampa Shangazi kopo. Akaniuliza, "Baba anawasalimia kule Oman?" Nikajibu, "Anawasalimia."

Kwa hiyo sasa tumeshakuwa waongo watatu.

Jumapili, 5 Oktoba

Mvua. Lango letu linalia kila mtu akipita. Baba peke yake ndiye anajua kulinyanyua kidogo kabla ya kulisukuma, lisilie. Alisema atalitengeneza akirudi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Vocal. Amekula samaki wa bahari, anasema. Mama kaisikiliza mara tatu, anatabasamu. Namuonea huruma Mama. Anaamini kila kitu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Usiku kucha nilikuwa napanga sentensi moja. Nikaibeba kutoka Ngagara mpaka Carama kwa miguu, maana mafuta hayapo na mabasi hayapo, nikaifikisha bila kuidondosha.

Shangazi alinyoosha mikono kupokea kopo. Nikasema, "Nataka kumsalimia Baba."

"Baba yako gani?"

"Ule anapalilia."

Akashusha mikono. Halafu akacheka kwa pua. "Nilimuambia. Mi nilimuambia, ule mutoto anakaa kimya, ni yeye wa kuogopa."

Baba alitoka nyuma na jembe mkononi. Amekonda. Mpini wa jembe umefungwa kwa waya. Hilo ndilo lilinipiga moyoni kuliko kukonda kwake, kwa sababu Baba alikuwa anawacheka watu wanaofunga vitu kwa waya.

"Umekua," akasema.

"Ni miezi sita tu, Baba."

Tulikaa kwenye ngazi ya jikoni. Hakuniangalia, na mi sikumuangalia, tukaongea hivyo, tunaangalia lenga-lenga.

"Kwenye karatasi za kule wanauliza, unajua hii, unajua hii. Ule ajenti akasema, andika oui, ndiyo, kila mahali, kazi utaijulia kule. Nikaandika. Nimefika, wananipa bomba, jembamba kama hiki kidole, na mashine ya gesi, sijawahi hata kuishika. Unganisha, isivuje. Ikavuja. Wakanipa ingine. Ikavuja."

"Wakakufukuza?"

"Wakaningoja miezi mitatu nijifunze. Mukono haukutaka. Mwezi wa nane wakanipandisha ndege." Akachomoa jani, akalikunja. "Hawakunipiga, Houda. Hawakunitukana. Bosi alinipa na mukate wa njiani. Wangenitukana ningepata cha kusema nikifika."

"Sasa juu ya nini hukuja nyumbani?"

"Nije na nini? Majirani wa quartier nzima walinishika mukono. Nipate posti kwanza. Nikirudi, nirudi na kazi." Halafu akauliza kama mtu anayeomba maji: "Utanyamaza?"

Kunyamaza ndicho kitu pekee watu wote wanajua ninakiweza. Nikasema ndiyo.

Alikula sambusa sita.

Jumanne, 14 Oktoba

Dictée, imla ya Kifaransa. Neno *retour*, kurudi, lilikuwa ndani. Nililiandika sawa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Baba ana karatasi zilizojaa michoro ya malango. Aliona kule lango linalojikunja kama feni ya mkono na kuingia ukutani. Kanionyesha mara mbili jinsi bawaba zinavyokaa, na alipokuwa anaonyesha mikono yake haikuwa ya mtu aliyeshindwa. Halafu akakunja karatasi, akaenda kumwagilia, wakati mvua ilikuwa inakuja na wote tunaiona.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo sikwenda Carama. Watu wa Sulemani, mchumba wa Saliha, wamekuja kuomba tarehe ya ndoa. Sulemani ni makanika, anacheka kabla hujamaliza kusema, na mikono yake ina mafuta meusi hata akivaa kanzu. Nilikuwa nadhani Saliha anamtaka kwa sababu ya pikipiki. Leo nimeona anamtaka kwa sababu akiwepo, Saliha haangalii kioo.

Wameweka Ijumaa, tarehe 19 ya mwezi wa kumi na mbili.

Walii wa Saliha ni Baba. Ndiye anapaswa kukaa mbele ya Sheikh na kusema, nimekuoza binti yangu. Baba Mdogo Khaled, ambaye husema kila kitu kama anauza sokoni, akasimama: "Kaka yuko kazini Oman, hawezi kuacha kazi ya watu. Atanipa uwakala kwa simu, mi nitasimama pahali pake. Siku hizi ni teknolojia."

Wote wakasema maashallah. Mama alikuwa anamimina chai. Chai ikafika juu ya kikombe, ikaendelea.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimempa Baba habari. Alifurahi, uso mzima. Halafu ikamfikia.

"Nitampa Khaled uwakala," akasema. "Kwa dini inakubalika."

"Kwa mutu mwenye yuko mbali, Baba."

"Na mi niko mbali."

Kutoka kwake mpaka kwetu ni mwendo wa saa moja na kidogo, kwa miguu yangu mifupi.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Vocal: "Huku jua kali." Nyuma yake mabati yalikuwa yanapigwa na mvua ileile iliyokuwa inapiga yetu. Saliha kasema ni rezo mbaya, mtandao wa simu.

Jumatano, 12 Novemba

Sheikh Aboubacar kaja. Ni mtu mpole, anauliza maswali na kungojea majibu. Kasema vocal haitoshi. "Walii yuko hai, anaona, anasikia. Siku hiyo nataka nimuone kwa video, aseme mbele ya mashahidi, mi na yeye uso kwa uso. Mambo ya ndoa siyo ya kusikia nyuma ya pazia."

Baba Mdogo Khaled kasema hakuna shida, yeye ana megabaiti.

Jumamosi, 15 Novemba

Sitaki kuandika ya leo lakini nisipoandika sitalala.

Nimemkuta Baba katika chumba cha nyuma anapaka ukuta chokaa. Ukuta mmoja tu. Mbele yake kiti. Juu ya kiti, kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya Kiomani yenye maua ya uzi, aliyonunua kule ili arudi nayo.

"Nitakaa hapa," akasema. "Nyuma kweupe. Wataona ukuta na kofia. Dakika mbili, halafu nitasema rezo imekata."

Aliongea kama fundi anayeeleza kazi. Alikuwa ameshapima hata kimo cha kiti.

Mi siwezi kujibu mtu. Mwalimu akiniita jina, sauti yangu inabaki mfukoni. Lakini leo ilitoka, sijui ilipita wapi.

"Baba, Saliha anaolewa mara moja tu. Utamuoza ukiwa umejificha nyuma ya chokaa?"

"Houda."

"Ule bosi wa Oman alikuona ukishindwa miezi mitatu na akakupa mukate. Sisi hata hujatupa nafasi ya kukupa mukate."

Brashi ilikuwa inadondosha chokaa kwenye buti zake. Nilitoka bila kopo. Nilitembea bila kusimama mpaka Kinama, katikati ya njia. Halafu nikaanza kuogopa kwamba nimemvunjia Baba heshima, nikalia, kwa bahati mvua ilikuwepo.

Jumapili, 16 Novemba

Saliha alikuwa ananisuka. Nilikuwa nimekaa chini, yeye nyuma yangu kwenye kiti, sioni uso wake, yeye haoni wangu. Nadhani bila hivyo nisingeweza.

Nikasema, "Baba yuko Carama kwa Shangazi. Tangu mwezi wa nane. Kazi ilimshinda, ameona haya."

Vidole vikasimama. Halafu vikaendelea.

Alipofika nusu ya kichwa akasema, "Amekonda?"

"Kidogo."

"Na ile video?"

Nikamwambia habari ya ukuta na kofia. Alivuta nywele, akavuta, akavuta. Alipomaliza nilikuwa siwezi kufunga macho vizuri. Akaniambia, "Usimuambie Mama. Ana mambo mengi." Akaingia chumbani, na kwa mara ya kwanza Sulemani akiwa hayupo, akasahau kujiangalia kwenye kioo cha mlangoni.

Jumatatu, 17 Novemba

Kichwa kinauma. Irène kasema nimependeza.

Jumamosi, 22 Novemba

Shangazi kanipokea barabarani. Baba yuko shambani, kasema, hajisikii kuongea. Kanirudishia makopo mawili, la leo na lile nililoliacha, yameoshwa.

Mama kauliza, "Walikula?"

Nikasema, "Alikula." Nikajirekebisha haraka kwamba Shangazi ndiye alikula.

Jumamosi, 29 Novemba

Leo ni siku ya kutaja mahari. Wanaume sebuleni, sisi chumbani na mlango nusu wazi. Baba Mdogo Khaled na shahidi mmoja wakaja mlangoni kumuuliza Saliha, kwa sababu mahari ni haki ya bibi harusi, anataja anachotaka yeye. Tulijua atataja nini. Mwezi mzima amekuwa anaangalia mikufu ya dhahabu kwenye simu.

"Haya binti, sema, watu wana njaa."

Saliha akasema, taratibu, kila neno peke yake: "Nataka posti ya kuchomelea vyuma."

Baba Mdogo akainamisha sikio. "Ya nini?"

"Ya vyuma. Kama ile ya Baba. Ikipatikana ileile, bora."

"We mutoto, unaolewa ama unafungua atelie ya fundi?"

Chumba kizima kikacheka, na sebule ilipopata habari ikacheka pia. Nikasikia mtu anasema huyu bwana arusi atalala na miwani ya fundi. Sheikh ndiye hakucheka. Akauliza kama ni kitu halali chenye faida, wakasema ndiyo, akasema basi ni mahari, iandikwe. Halafu Sulemani, sauti yake tu naisikia: "Kama ni hiyo anataka, nitaitafuta. Afadhali. Dhahabu haitengenezi hata mlango wa kuku."

Mi nilikuwa namuangalia Mama. Hakucheka, hakushangaa. Alichukua ncha ya mtandio wake akapangusa jicho moja, kama mtu mwenye vumbi, katikati ya mvua.

Jumatatu, 1 Desemba

Baba Mdogo Khaled kampigia Baba mbele yetu kumueleza. Kapiga kelele kama Oman iko ng'ambo ya mto. "Kaka, binti yako kaomba posti. Posti, ndiyo. Kasema kama yako. Halo? Uko?"

Baba alikuwepo. Tulisikia anapumua. Baadaye akauliza, "Saliha mwenyewe kasema hivyo?"

"Mwenyewe, kwa mudomo wake."

Simu ikakatika. Baba Mdogo akatikisa kichwa: rezo ya Waarabu.

Mi na Saliha hatukuangaliana.

Alhamisi, 4 Desemba

Hakuna vocal.

Jumamosi, 6 Desemba

Njia ya Carama imebomoka tena, mtaro umekula nusu ya barabara. Nilifika na matope mpaka magotini. Shangazi kasema Baba ametoka tangu asubuhi, hajui ameenda wapi. "Tangu ile simu hasemi. Anakula, anaswali, anatoka." Nilichungulia chumba cha nyuma. Ukuta mweupe upo. Kiti hakipo. Kofia hakuna.

Kama amepata basi, akaenda mbali kweli safari hii? Nimeharibu. Nilipewa kazi moja, kunyamaza, ikanishinda.

Alhamisi, 11 Desemba

Hakuna vocal. Mama kaiweka simu mezani kama kawaida, Saliha kazima redio, tukakaa. Halafu Mama kawasha redio mwenyewe.

Jumamosi, 13 Desemba

Mama alikuwa anakunja sambusa za kopo la Carama. Nilisimama karibu yake nimsaidie, nikaanza kutia pilipili kwenye nyama. Akanishika mkono.

"Hizo apana."

"Shangazi anapenda pilipili."

"Najua anachopenda Zubeda."

Nikaangalia bakuli. Shangazi anatafuna pilipili mbichi kama karoti. Mwenye vidonda vya tumbo, asiyegusa pilipili, ni Baba. Nikajaribu kukumbuka ni lini Mama alianza kutenga nyama bila pilipili kwa ajili ya kopo lile. Mwezi wa nane.

"Mama."

"Kunja, mafuta yanaungua."

"Ulijua?"

Alikunja tatu, nne, kabla ya kujibu. "Alipokuwa kule kweli, kila vocal alikuwa anauliza, mafuta ya gari yamepatikana? Kila Alhamisi. Siku moja akaacha kuuliza. Nikasema, aha, huyu mutu anaiona laini ya magari kwenye stesheni ya mafuta kwa macho yake. Na Zubeda akaanza kukupokea barabarani."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema nini? Ningemuendea kule, angekuja nyuma yangu kama mbuzi wa kamba. Nilitaka aje kwa miguu yake." Akaniwekea sambusa moja mkononi, bila pilipili. "Nilikuwa namtumia chakula ajue nyumba bado ipo. We ulirudi bila kopo, nikajua umempelekea maneno. Saliha kampelekea posti. Sasa imebaki yake."

Na mi niliandika hapa kwamba Mama anaamini kila kitu. Nimeacha sentensi ile palepale, sijaifuta.

Jumatano, 17 Desemba

Sulemani kaleta mahari kwa pikipiki, imefungwa nyuma kama mgonjwa. Ni ya buluu. Mshikio wake ulioungua umezungushiwa kitenge cha Mama cha zamani, cha maua ya njano. Ni ileile. Kaipata kwa fundi mmoja wa Gasenyi. Kasema hivi: "Nimefika, yule fundi akaniambia, we ni mutu wa pili. Kuna mzee mwenye kofia nzuri alikuja juma lililopita, akaishika, akaiangalia, akauliza kama kuna mutu kaiomba. Akaambiwa hakuna, bado ipo. Akacheka peke yake, akaondoka."

Saliha kaifunika kwa kitambaa cha meza. Iko sebuleni kama mgeni wa heshima.

Hajaenda mbali. Alikuwa Gasenyi, hapahapa mjini.

Alhamisi, 18 Desemba

Kesho baada ya swala ya Ijumaa. Sasa hivi magharibi bado kidogo, mvua imetoka kukatika, mabati yanadondosha. Shangazi Zubeda amekuja peke yake tangu adhuhuri, anamenya vitunguu, hasemi kitu, ila kila mara anaangalia nje. Mama anakuna nazi. Saliha ana hina mikononi na miguuni, hawezi kushika kitu, anaamuru tu. Baba Mdogo Khaled ameshachaji simu mbili za kesho.

Mi niko chumbani, daftari magotini. Siku zote nikisikia hatua nalirudisha ndani ya jalada la hesabu, kabla hata sijajua ni nani. Nazijua hatua za wote. Saliha anaburuta ndala. Mama anatembea na funguo. Mgeni namjua kwa lango, maana lazima lilie kwanza.

Sasa kuna mtu uwanjani. Anatembea polepole juu ya changarawe, kwa viatu vizito.

Lango halikulia.

Jikoni mbuzi ya nazi imesimama. Saliha amekatiza amri katikati. Shangazi anasema kwa sauti ndogo, "Alhamdulillahi, mwenye kichwa kigumu." Hatua zinapanda ngazi, moja, ya pili, zinapita sebuleni, zinasimama. Nadhani amefika kwenye kitambaa cha meza. Nasikia kinafunuliwa. Mtu anapangusa kitu kwa kiganja, kama unavyompangusa mtoto vumbi.

Sasa zinakuja huku, kwenye mlango wangu. Jalada la hesabu liko hapa pembeni, mkono wangu unalijua. Siligusi. Asome kama anataka, hata pale nilipomwandika vibaya. Anavua buti, moja, ya pili. Anapiga hodi kwenye chumba cha binti yake kama mgeni, na mi naandika huku namwambia karibu.